Mafuta ya Midomo ya Kadrija

Daktari wa mjini alipomwambia Vitomir kwamba ngano ndiyo inayommaliza, Vito alicheka kwa sauti mpaka nesi akachungulia mlangoni. Alikuwa amekwenda pale kwa ajili ya upungufu wa damu na tumbo lililomwendesha karibu kila siku. Alitegemea kuambiwa ana vidonda, au aache rakija, ile pombe kali ya matunda, kama wanavyoambiwa wapiga tarumbeta wote wa Vranje, mji wetu.

"Daktari, mimi ni mtu wa harusi," alisema. "Ukininyima mkate nitakula nini huko? Maua ya bibi harusi?"

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba ugonjwa huo unaitwa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya rai kuna kitu kinaitwa gluteni, ule unato unaofanya donge la unga livutike, na utumbo wa Vito ukikutana nacho, hata chembe, unajichubua wenyewe. Hakuna kidonge wala sindano. Dawa ni kuacha, na kuacha kwenyewe ni kwa maisha yote.

Mimi ndiye mpiga ngoma kubwa katika bendi ya Kadrija, na Vito alikuwa tarumbeta yetu ya kwanza. Nyumba zetu zinapakana ukuta. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, mengine nilielezwa na Vito mwenyewe.

Kadrija alikuwa baba yake mdogo. Baba mzazi alifariki Vito akiwa bado ananyonya, na Kadrija ndiye aliyemlea, akamtia tarumbeta mkononi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mzee mwenye kifua cha pipa na masharubu meupe, mkali kwa kila mtu isipokuwa Vito. Asubuhi ya kila harusi, kabla hatujapanda gari, aliwapanga wapuliza tarumbeta uani kwake na kuwapitishia kikopo cha mafuta ya midomo aliyoyapika mwenyewe kwenye jiko lake.

"Pakeni, pakeni," alikuwa akisema. "Midomo mikavu ni ya kupulizia supu."

Wengine walipaka hiyo asubuhi, basi. Vito alitembea na kikopo chake mfukoni. Kati ya wimbo na wimbo kidole kiliingia kikoponi, kikapita mdomoni, na ulimi ukafuata nyuma. Wapuliza tarumbeta wote hulamba midomo, lakini Vito alilamba kama paka aliyemaliza maziwa.

Mkewe aliitwa Desanka. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha viatu, mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Habari ya daktari ilipofika nyumbani, yeye hakucheka wala hakulia. Aliupasua ubao wa kukatia mkate kwa shoka akautia jikoni kama kuni. Unga wote wa ngano aliutoa kwa majirani, nasi tulikula maandazi wiki nzima kwa ugonjwa wa Vito. Akanunua sufuria mpya, vijiko vipya, mwiko mpya. Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikawa ya ugali wa mahindi, viazi, wali, maharage na nyama, na binti yao Rumena akapigwa marufuku kuingia na biskuti zaidi ya mlango wa uani.

Harusini Vito alibeba chakula chake katika chungu kilichofungwa kitambaa. Wenzetu walimpokea wanavyojua wao.

"Jamani, Vito kaletewa uji wake!"

"Bwana harusi, huyu mtafutie na nepi!"

"Chekeni tu," Vito aliwajibu huku akifungua kitambaa. "Mimi wangu ananipikia. Wewe wa kwako anampikia nani? Yule fundi bomba?"

Tulicheka sote, hata Kadrija. Miezi ile ya mwanzo mambo yalikuwa hivyo. Vito aliongezeka kidogo, uso ukapata rangi, na Desanka alitembea mtaani kifua mbele kama mtu aliyemshinda daktari, mahakama na serikali.

Kisha nafuu ile ikasimama. Haikurudi nyuma sana, wala haikusonga mbele. Tumbo likaanza tena kumwamsha alfajiri. Suruali ikawa inashikwa na mkanda tu, na mkanda nao ulitobolewa tundu jipya. Tukiwa safarini ilibidi dereva asimame porini, Vito ashuke akimbie, nasi tungoje garini bila kutazamana.

Desanka alikuwa na binamu Vienna, Jagoda, ambaye mtoto wake alikuwa na ugonjwa uleule. Alimpigia simu.

"Jikoni umemaliza," Jagoda alimwambia. "Bafuni je?"

"Bafuni? Kwani huyu anakula sabuni?"

"Dada, kwenye ngozi haina neno, gluteni haipiti ngozi. Lakini angalia kila kinachoishia mdomoni. Dawa ya meno. Krimu ya mikono, maana mikono hiyo hiyo ndiyo inayoshika chakula. Rangi ya mdomo unayopaka wewe kisha unambusu. Wanatia ngano humo, mafuta ya kiini cha ngano, protini ya ngano, sijui nini. Soma maandishi."

Desanka alivaa miwani yake ya kushonea akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, chupa zote zikiwa sakafuni. Rumena alimsomea yale maandishi madogo ambayo miwani haikuyafikia. Shampuu ilikuwa na protini ya ngano, ikatoka. Krimu ya mikono ilikuwa na shayiri, nayo ikatoka. Dawa ya meno ilionekana salama, lakini aliitupa vilevile kwa sababu hakuwa na hakika na neno moja refu. Mwisho alishika rangi yake ya mdomo, ile nyekundu nzito ambayo Vito alimletea kutoka Thesaloniki walipokwenda kupiga harusi ya Mgiriki. Rumena akasoma: kiini cha ngano. Desanka alijifuta mdomo kwa mkono wa gauni, akaitupa ndani ya ndoo bila kuitazama mara mbili.

Vito alipoingia, alimkuta mkewe amemnyooshea mkono.

"Lete kikopo."

"Kikopo gani?"

"Kilichomo mfukoni mwako. Hayo mafuta ya baba mdogo yana nini ndani?"

"Nta na mnanaa."

"Na nini kingine?"

"Desanka."

"Nauliza tu, baba Rumena. Nta, mnanaa, na nini?"

"Nitajuaje? Ni mafuta ya babu yetu. Ukoo mzima umepaka hayo na hakuna aliyekufa."

"Ukoo mzima hauna tumbo lako. Kamuulize."

"Niende nikamwambie nini yule mzee? Baba mdogo, mke wangu anasema unanilisha sumu? Mtu aliyenilea?"

"Kamwambie: yana nini ndani. Hakuna sumu hapo, ni swali."

"Yanapakwa nje! Siyali!" Vito alipandisha sauti, naye hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Umetupa krimu, umetupa shampuu, nimenyamaza. Mtaa mzima unaniita bibi harusi, nimenyamaza. Kwa baba mdogo hufiki."

Akakirudisha kikopo mfukoni. Desanka angeweza kuvuka barabara akamuuliza Kadrija mwenyewe, ni hatua chache tu. Hakwenda. Kadrija ndiye aliyekuwa analisha nyumba zetu zote kwa bendi ile, na hakuna mke wa mtoto katika mtaa wetu aliyewahi kumhoji juu ya jambo lolote. Alisema mara moja, akakataliwa, akaliacha.

Majira ya kuchipua Vito alipimwa damu tena. Desanka alikwenda naye. Daktari aliyatazama majibu, akaivua miwani yake, akamgeukia mke badala ya mgonjwa.

"Mama, huyu anakula mkate."

"Sili," Vito alisema.

"Damu inasema anakula. Si sana, lakini kila siku anakula. Mimi sina zaidi ya kusema."

Walirudi na basi wakiwa wamekaa pande mbili za njia, kila mmoja akitazama dirisha lake. Nyumbani Desanka alivua koti, akalitundika, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Niambie tu ukweli. Sitakasirika. Ni huko harusini?"

"Sijagusa."

"Mnakunywa, kichwa kinakuwa chepesi, mtu anakukatia kipande kidogo. Najua. Wewe ni mwanadamu."

"Desanka, sijagusa mkate tangu siku ile. Naapa kwa uhai wa Rumena."

Kofi lilisikika hadi kwangu. Nilikuwa uani ninakaza ngozi ya ngoma, dirisha lao lilikuwa wazi.

"Usimwapie mwanangu! Uapie mkate wako huo, mwongo wewe!"

Na Vito, ambaye hajawahi kumtukana mwanamke yule hata kwa utani, alisimama dirishani akapiga kelele mtaa wote usikie kwamba kama ngano inamwingia basi inamwingia humo humo ndani, kwenye masufuria ya mwanamke mchafu asiyejua kuosha mwiko.

Mwanamke aliyeosha mikono yake mpaka ikapasuka vidoleni. Sote tulikuwa tunaiona mikono ile.

Kabla jua halijapinda Desanka alikuwa amefunga mizigo, na dereva wa teksi aliyeoa dada yake alimpeleka yeye na Rumena kwa mama yake, Leskovac.

Tangu hapo Vito alijipikia. Alikuwa anakula viazi vya kuchemsha na mayai, vitu vilivyo na ganda, kwa sababu aliogopa kila kitu kingine. Aliacha kushikana mikono na watu. Alinawa kwa maji matupu. Nilimwambia, "Ndugu yangu, ngozi yako haina kosa, binamu wa Desanka mwenyewe alisema," akanitazama kama mtu anayesikia redio ya nyumba ya pili. Na kwa sababu alikuwa anadhoofika na pumzi inapungua, midomo yake ilikauka zaidi, ikapasuka, naye akapaka zaidi. Kadrija alimhurumia, akampa kikopo kikubwa.

Mwezi wa saba tulikwenda kupiga harusi katika kijiji kimoja njia ya Bujanovac. Jua lilikuwa kali, hata shaba ya ala ilichoma mkono. Bibi harusi alikuwa anatolewa nyumbani kwao, na ndio wakati wa tarumbeta ya kwanza kupanda peke yake, ngoma zote zikae kimya. Vito aliweka mdomo, akafumba macho. Sauti ilitoka safi, ikapanda, ikafika pale juu ambapo watu huanza kulia. Kisha ikakatika kama uzi.

Aliishusha tarumbeta. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni, na alikuwa anapapasa ndani ya shavu kwa ulimi kama mtu anayetafuta kitu. Akatema kiganjani jino la mbele, zima, na mzizi wake.

Watu walidhani amepigwa. Mama wa bibi harusi akajishika kichwa, maana damu siku ya harusi ni balaa. Kadrija alinyanyua mkono, na Nazmi, mwanawe, akaudaka ule wimbo mahali ulipokatikia, nasi tukaufuata. Nilikuwa napiga ngoma huku namtazama Vito akitembea kwenda kwenye gari, tarumbeta kwapani.

Wakati wa kurudi, Kadrija alikaa kando yake.

"Mwanangu, unaumwa. Pumzika. Nazmi atashika."

"Mpaka lini, baba mdogo?"

"Mpaka upone."

"Na nisipopona?"

Mzee alitoa kikopo, akachota mafuta kwa kidole gumba, akampaka Vito mwenyewe juu ya mdomo uliopasuka, taratibu, kama alivyokuwa akimpaka zamani. "Utapona," alisema.

Jino la pili lilitoka kabla ya majira ya kupukutika majani. Daktari wa meno alimwambia mfupa wa taya umekuwa kama biskuti, akampa barua aende hospitali kubwa ya Niš. Nilimsindikiza, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kushika bomba la basi.

Huko alimkuta daktari wa matumbo, mama mtu mzima aliyeitwa Vukosava, mwenye sauti ya kukwaruza na sigara iliyochungulia kwenye mfuko wa koti jeupe. Huyu hakumwambia anakula mkate. Alimpima kila walichoweza kumpima, kisha akamkalisha.

"Haya. Unakula nini, nimeelewa. Sasa niambie unalamba nini."

"Nalamba?"

"Dawa ya meno. Gundi ya kubandikia bahasha. Dawa za kikohozi. Vidonge vya mitishamba vya shangazi. Kitu chochote kinachofika mdomoni na wewe hukiiti chakula."

Vito alitaja dawa ya meno, aliyonunua Desanka. Kisha niliona mkono wake ukienda mfukoni wenyewe. Akakiweka kikopo juu ya meza.

Daktari alikifungua, akanusa, akasugua kidogo kati ya vidole.

"Unapaka mara ngapi?"

"Napiga tarumbeta, daktari."

"Nimekuuliza mara ngapi."

"Siku nzima."

"Nani anayatengeneza?"

"Baba yangu mdogo."

"Mpigie."

Vito aliiweka simu mezani, sauti kubwa. Kadrija aliitika akiwa nje, kuku walisikika. Vito alimsalimia, akamwambia yupo kwa daktari, kisha akamuuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwake, mafuta yale yana nini.

"Aah, daktari anayataka?" Mzee alifurahi, tulimsikia akivuta kiti. "Mwambie nitamtengenezea. Ni nta ya nyuki, ya mlimani, siyo hii ya dukani. Mafuta ya mkia wa kondoo. Mnanaa. Halafu unga wa ngano, ule mweupe laini kabisa, unauchekecha mara mbili kwa kitambaa, ndio unaoyashika yasiyeyuke juani. Bila unga yangekutiririka kidevuni, mwanangu. Na kwenye yako mimi nazidisha unga, maana wewe midomo yako inakauka upesi."

Daktari aliweka kifuniko juu ya kikopo akakisukuma mbali kwa kalamu.

"Vito? Upo? Mwambie daktari anipe anuani."

"Nipo, baba mdogo," Vito alisema. "Nitakupigia."

Akakata simu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwao akashindwa kuitaja. Daktari Vukosava alimweleza kwa maneno mafupi kwamba mafuta hayo yangepakwa kiwiko yasingemdhuru. Yakipakwa mdomo unaolambwa kutwa nzima, yanaliwa, na kwa miaka yote hiyo alikuwa anakula unga wa ngano kidogo kidogo. Utumbo utapona, alisema. Mifupa itarudi kiasi. Meno hayarudi, na yaliyobaki mbele hayatavumilia shaba kubanwa juu yake.

"Naweza kuwekewa ya bandia?"

"Ya kutafunia, ndiyo."

Ndani ya basi aliniomba mimi ndiye nimwambie Kadrija. Nilikataa, nikamwambia hilo ni lake. Kwa hiyo alikwenda mwenyewe, nami nikasimama getini. Mzee alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama katikati ya kuku.

"Lakini huo si mkate," alisema. "Ni unga kidogo kwenye mafuta."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Mbona hamkuniuliza? Mngeniuliza ningewaambia. Kwani nilificha?"

"Hukuficha."

"Ningetia kitu kingine. Ningetia wanga wa mahindi. Ningetia chochote!" Sauti ilimpasuka. "Mbona hamkuuliza, Vito?"

Mzee aliingia jikoni, akatoka na sufuria yake ya kupikia mafuta, akaitupa kisimani. Kisima kile watu wanachota maji, ikabidi tuiopoe, lakini hakuna aliyethubutu kumgombeza. Bendi alimwachia Nazmi kabla mwaka haujaisha. Siku hizi akikutana na Vito njiani anamsalimia vizuri, anamuuliza hali, na muda wote huo anatazama viatu.

Vito alipona, kama alivyoahidiwa. Tumbo lilitulia katika wiki chache, lililokuwa limemtesa miaka. Alinenepa, akapata mashavu, akaajiriwa kiwanda cha mbao kupanga magogo, kazi ambayo mwaka mmoja nyuma ingemuua. Alipowekewa meno ya bandia alichukua tarumbeta akaenda nayo kwenye shamba la maboga nyuma ya makaburi, asisikiwe na mtu. Mimi nilimsikia. Ilikuwa sauti ya upepo unaopita kwenye tundu la mlango. Alijaribu jioni kadhaa, kisha sikumsikia tena.

Desanka alikuja siku ya Jumamosi kuchukua nguo za baridi za Rumena. Alikuwa ameshasikia, kwa sababu Leskovac si mbali na mdomo wa mtaa wetu ni mrefu. Vito alikuwa amefagia nyumba, amechemsha kahawa. Alimwambia yote upya hata hivyo, kuanzia kikopo juu ya meza ya daktari.

Desanka alisikiliza akiwa amesimama na koti mwilini.

"Nilikuuliza," alisema.

"Najua."

"Nilikukalisha hapo hapo nikakuuliza."

"Najua, Desa. Nisamehe."

"Na mimi nilikuita mwongo, ulikuwa husemi uongo. Nilikupiga. Hilo nalo nisamehe." Alikuwa analia sasa, bila kujifuta. "Unaonekana vizuri. Umenenepa."

"Rudi."

"Nirudi wapi, Vito? Nilikaa humu ndani nikiogopa vijiko. Nikilala naota makombo. Nilikuwa nakusugulia masufuria mpaka damu, ukasimama dirishani ukaniita mchafu, na Mzee Kadrija hukuthubutu kumuuliza neno moja. Mimi ulithubutu."

Vito aliishika kahawa yake bila kuinywa. Angeweza kusema mengi. Aliniambia baadaye kwamba kila alichofikiria kusema kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja ambacho kingesaidia.

"Rumena atakuwa anakuja," Desanka alisema. "Mwisho wa wiki. Nimemfundisha kupika ugali na mchuzi wa pilipili, anajua vyombo vya kutumia. Atakupikia."

Akachukua mfuko wa nguo. Mlangoni alisita, nikadhani, mimi niliyekuwa uani najifanya napasua kuni, kwamba atageuka. Alikuwa anatafuta tikiti ya basi tu.

Sikukuu ya Mtakatifu Jorji mwaka uliofuata Rumena alikuwa kwa baba yake. Mtaa ulikuwa umejaa moshi wa kondoo na bendi zilikuwa zinapita nyumba kwa nyumba. Sisi tulipofika mbele ya nyumba ya Vito, Nazmi alisimama kwa heshima akampigia wimbo mzima. Vito alikuwa kizingitini, mkono juu ya bega la binti yake, amefunga mdomo, anatikisa kichwa kwa mapigo. Nazmi alipopanda kwenye sauti ya juu aliikosa kidogo. Wasiojua hawakusikia.

"Anabana koo," Vito alisema. Alisema kwa Rumena, lakini nilikuwa karibu.

"Mwambie, baba."

"Si leo."

Wimbo ulipoisha alipiga makofi, akamkaribisha kila mtu nyama, akatumiminia rakija mmoja mmoja, Nazmi wa kwanza. Tulikunywa haraka kwa sababu nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Nilipoinua ngoma yangu kuondoka, yeye na Rumena walikuwa wameshaanza kukusanya glasi.